Gwakisa Mwakibinga: Miaka Mitano Annandale, Mitatu Fairfax

Ndugu waombolezaji, ninyi mliofika hapa Fairfax leo Jumamosi, tarehe 27 Septemba 2025, na ninyi mliokusanyika wakati huu huu nyumbani kwa mama yetu Kyimbila, Tukuyu, ambako nakala ya maneno haya inasomwa, familia inawashukuru. Anayesoma hapa ni Ambakisye, mdogo wake marehemu. Aliyeandika ni Genoveva, mke wa marehemu, naye ndiye wa kuulizwa kuhusu kila mwaka uliotajwa humu.

Marehemu Gwakisa Anyelwisye Mwakibinga alizaliwa tarehe 11 Machi 1968 katika kijiji cha Kyimbila, wilaya ya Rungwe, mkoa wa Mbeya. Alikuwa mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu mzee Anyelwisye Mwakibinga, mkulima wa chai, na mama Subilaga, ambaye Mungu amemjalia uhai hadi leo na anatusikiliza. Alibatizwa katika Kanisa la Moravian akiwa na miezi mitano. Mama anasimulia kwamba Gwakisa alichelewa kusema. Wenzake walianza kuzungumza wakiwa na mwaka na nusu. Yeye alifikisha miaka mitatu kimya, akiwatazama watu midomo tu. Siku alipofungua kinywa alitoa sentensi nzima, akiuliza kwa nini ndama wa jirani amefungwa juani.

Alisoma Shule ya Msingi Kyimbila kuanzia mwaka 1976 hadi 1982, kisha Shule ya Sekondari Rungwe kuanzia 1983 hadi 1986. Hakuchaguliwa kuendelea na kidato cha tano. Nafasi zilikuwa chache nchi nzima, na baba yake alihitaji mikono shambani. Mwaka 1988 alijiunga na chuo cha mifugo Mpwapwa, akahitimu kwa cheti mwaka 1990. Kiingereza alichotoka nacho shuleni kilikuwa cha vitabuni. Aliweza kusoma ukurasa mzima kuhusu ugonjwa wa ng'ombe wa ndigana kali na kukueleza kila neno, lakini hakuwa amewahi kuketi na mtu wakazungumza Kiingereza kwa dakika kumi.

Kuanzia 1990 hadi 2009 alikuwa bwana mifugo wa serikali, kwanza Mbozi, baadaye Mbeya. Hakuwahi kupewa barua ya onyo, na wafugaji wa Mbozi waliendelea kumpigia simu za kuuliza habari za chanjo hata alipokuwa amekwisha kuvuka bahari.

Kazi hiyo ndiyo iliyomkutanisha na mkewe. Mwaka 1996 aliitwa kumzalisha ng'ombe wa shule moja ya sekondari mjini Mbeya. Ilikuwa saa nne asubuhi, ndama amekaa vibaya, na wanafunzi wote walikuwa kwenye mtihani. Aliyekuwa hana kipindi alikuwa mwalimu mmoja tu, binti wa Mbinga aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka huo huo, naye alikuwa amevaa viatu vyeupe.

“Mwalimu, njoo unishikie hapa,” Gwakisa alimwambia.

“Mimi ni mwalimu wa jiografia.”

“Basi shika upande wa kusini.”

Ndama alizaliwa mzima. Viatu havikupona.

Walifunga ndoa Jumamosi, tarehe 18 Julai 1998, mjini Mbeya. Upande wa bibi harusi kulikuwa na maswali. Kaka yake mkubwa, Bwana Silvanus, wakati huo afisa elimu Songea, aliuliza mbele ya wazee wa pande zote mbili kama ni sawa mwenye shahada kuolewa na mwenye cheti. Gwakisa alijibu kwa upole kwamba ng'ombe hawajawahi kumwuliza cheti. Wazee walicheka na mambo yakaendelea. Bibi harusi hakucheka. Aliliweka swali lile moyoni, akakaa nalo miaka mingi.

Mungu aliwapa watoto wawili: Jacqueline, aliyezaliwa Mbeya tarehe 4 Mei 2000, na Ryan, aliyezaliwa Maryland tarehe 19 Novemba 2011. Nyumbani Gwakisa alizungumza nao Kiswahili na wao walimjibu kwa Kiingereza, na hakuna upande uliowahi kulalamika kwamba haukueleweka.

Familia ilihamia Marekani Agosti 2009, baada ya Genoveva kupata nafasi katika bahati nasibu ya viza. Walipanga Wheaton, Maryland, kwenye ghorofa iliyo mwendo wa dakika tano kutoka kituo cha treni. Gwakisa alipata kazi ya kuhudumia wazee majumbani. Kwa miaka mingi alimhudumia mzee mmoja wa Bladensburg aitwaye Wayne, fundi wa reli mstaafu, na walipendana sana.

Tatizo lilikuwa moja. Kyimbila mtu hulelewa kwamba mkubwa akisema, unaitika. Humwambii mzee kwamba hujamsikia, wala humwamuru arudie. Basi Gwakisa aliitika kila alichoambiwa, alichoelewa na asichoelewa. Machi 2013 aliitikia maelekezo ambayo hakuyaelewa, na dawa ya asubuhi ikanywewa jioni. Hakuna aliyedhurika, lakini kesho yake mzee Wayne alimketisha.

“Gwakisa, nikizungumza unanielewa?”

“Ndiyo, mzee.”

“Na nikikwambia kwamba mimi ni mbuzi?”

“Ndiyo, mzee.”

Mzee Wayne alicheka mpaka akashika mbavu. Gwakisa aliposhtukia alichokiitikia, naye alicheka, akamweleza kwa Kiingereza chake cha vitabuni kwamba kwa upande wa mbuzi ana uzoefu wa miaka kumi na tisa. Mzee alijifuta machozi, kisha akamwambia jambo moja polepole, neno baada ya neno, ili safari hii asiitikie bure. Alimwambia aende shule.

Mwaka huo huo familia ilihamia Annandale, Virginia, Genoveva alipoajiriwa katika ofisi ya elimu ya kaunti. Chuo cha jamii kilikuwa karibu na nyumba yao. Kwa ndugu wa Kyimbila wasiokijua, chuo cha jamii ni chuo cha miaka miwili kinachompokea mkazi yeyote mwenye nia. Wengi huanzia hapo, kisha huhamia chuo kikuu na kumalizia shahada huko. Wageni wa lugha hupimwa kwanza na kuwekwa katika madarasa ya Kiingereza kabla ya masomo mengine. Gwakisa alipimwa Desemba 2013. Katika kusoma alipata alama za juu sana. Katika kusikiliza hakupata hata robo ya alama. Alipangiwa ngazi ya tatu kati ya tano. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na mitano.

Darasa lilianza Jumatatu, tarehe 13 Januari 2014, saa kumi na mbili jioni. Mwalimu, Bi Bridget, alipoingia, Gwakisa alisimama, kama tulivyofunzwa sote. Alisimama peke yake kati ya watu ishirini na wawili kutoka El Salvador, Ethiopia, Vietnam na kwingineko. Bi Bridget alidhani amebanwa, akamwonyesha choo kilipo. Kipindi kilichofuata alisimama tena, na mama mmoja wa Ethiopia akasimama naye. Ilipofika Machi darasa zima lilikuwa linasimama. Bi Bridget yuko nasi leo, na anasema ndilo darasa pekee aliloliingia akijiona waziri.

Hapa mwandishi anapaswa kueleza jambo linalomhusu yeye.

Wiki chache kabla ya darasa kuanza, Bwana Silvanus alipiga simu kutoka Songea kuwatakia Krismasi njema. Aliuliza habari za watoto, akauliza habari za baridi, kisha akasema, “Na shemeji, siku hizi anafanya nini huko?” Jibu la kweli lilikuwa fupi: anahudumia wazee, na Januari anaanza kujifunza Kiingereza. Genoveva, mwenye shahada ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, hakuweza kulitoa mdomoni.

“Ameingia chuo kikuu,” alisema.

Silvanus alifurahi kweli. Aliwaambia ndugu wa Mbinga. Mbinga waliwapigia Kyimbila kuwapongeza. Kyimbila walimpigia ndugu yao mmoja wa Baltimore, na kabla Januari haijaisha habari ilikuwa imefika kwenye ushirika wetu wa Kiswahili pale Wheaton, ambako tuliendelea kusali hata baada ya kuhama. Jumapili, tarehe 9 Februari 2014, baada ya ibada, akina mama walileta pilau na keki yenye jina la Gwakisa, na Mchungaji Godlisten akamwita mbele.

“Ndugu yetu ameingia chuo kikuu! Mzee mzima! Vijana, mnaona?”

Gwakisa hakuwa na habari yoyote. Alimtazama mkewe. Mkewe alikuwa anaitazama keki. Akachukua kipaza sauti, akasema, “Nawashukuru sana. Niombeeni, Kiingereza ni kigumu.” Watu walicheka wakidhani anatania, na vigelegele vikapigwa.

Hakusema kitu mpaka walipokuwa ndani ya gari na wamekwisha kuvuka mto Potomac kurudi Virginia.

“Mama Jacki, nani aliwaambia?”

“Mimi.”

“Kwa nini?”

“Kaka aliuliza.”

Aliendesha kwa muda. Watoto walikuwa wamelala nyuma.

“Basi itabidi iwe kweli,” alisema. “Ila itachukua muda.”

Hakumsuta wakati ule, wala nyumbani, wala mwaka uliofuata.

Ilichukua muda. Mchana alikuwa Bladensburg kwa mzee Wayne, jioni darasani Annandale, somo moja kwa muhula, au mawili muhula ulipomruhusu. Sentensi iliyomtesa kuliko zote ilikuwa ile ya kusema “Samahani, sijaelewa, tafadhali rudia.” Aliifanyia mazoezi kwa mzee Wayne kila siku, hata mambo aliyoyaelewa akaomba yarudiwe, mpaka mzee akamwambia sasa imezidi. Alimaliza ngazi ya tatu, ya nne na ya tano kwa mfululizo, akaingia masomo ya kawaida ya chuo: uandishi wa insha, historia, hisabati, baiolojia.

Kule kanisani watu waliendelea kuhesabu. Nyumbani Tanzania shahada nyingi huchukua miaka mitatu. Ulipofika mwaka wa nne maswali yakaanza. Elkanah, rafiki yake Mkenya ambaye leo amebeba jeneza hili, alikuwa akimngoja mlangoni kila baada ya ibada.

“Bwana Gwakisa, hiyo university unasoma ama unaijenga?”

“Tuko kwenye msingi, ndugu yangu. Saruji haijakauka.”

“Na mjengo uko na orofa ngapi?”

“Mchoro anao mke wangu.”

Walicheka wote wawili. Elkanah alikuwa anatania, na hakuwa na njia ya kujua kilichokuwa ndani ya jibu lile. Wengine hawakutania. Yalianza maneno kwamba Gwakisa anafeli, kwamba anarudia, kwamba alifukuzwa siku nyingi na kila jioni anakwenda kukaa kwenye gari. Maneno yakafika Kyimbila. Mtoto mmoja wa ukoo alipofokewa kwa kushindwa mtihani wa kidato cha pili, alijibu kwamba hata baba mkubwa wa Amerika anarudia. Gwakisa aliposimuliwa hilo kwa simu alicheka, akauliza mtoto amefeli somo gani, na kuanzia hapo akawa anamfundisha kila Jumamosi kwa simu.

Familia inataka hili lisikike vizuri, hapa na Kyimbila. Gwakisa Mwakibinga hakufeli. Hakurudia darasa hata moja, Annandale wala Fairfax, na hakufukuzwa popote. Neno lililosemwa ili aonekane mkubwa ndilo lililomfanya aonekane mjinga kwa miaka mingi, na aliyelisema alikuwa ameketi kando yake kila Jumapili, akinyamaza.

Mei 2019 alihitimu chuo cha jamii. Agosti mwaka huo alihamia chuo kikuu kilichopo hapa Fairfax, safari hii kwa kweli, na akachagua kusomea Kiingereza. Wengi tulitegemea achague mambo ya mifugo au afya. Alisema ametumia miaka mitano kukipigia hodi, hawezi kuondoka kabla hajaketi. Siku ya kwanza chuo kikuu alivaa suti. Jacqueline, ambaye wakati huo alikuwa mwaka wa pili wa uuguzi katika chuo hicho hicho, alimkuta kantini akamwomba kwa heshima zote avue tai. Tai aliivua. Koti alikataa.

Alihitimu shahada yake Mei 2022, akiwa na umri wa miaka hamsini na minne. Mzee Wayne hakuiona siku hiyo. Alikuwa amefariki miaka miwili kabla, na Gwakisa alikuwa mmoja wa waliomzika.

Kuanzia Septemba 2022 Gwakisa alifundisha Kiingereza kwa wageni katika kituo kimoja cha jamii Bladensburg. Wanafunzi wake walikuwa wapishi, madereva, wasafishaji wa ofisi na wahudumu wa wazee, watu wanaofika darasani wakiwa bado na sare za kazi. Alisahihisha kwa penseli, kwa sababu aliamini wino mwekundu humfanya mtu mzima ajione mtoto. Na kila muhula, siku ya kwanza, aliwaeleza wazi mahali alipoanzia. Mmoja wao, Mama Kavira kutoka Kongo, alimwuliza mbele ya wote.

“Mwalimu, weye hii Kiingereza ulizaliwaka nayo?”

“Hapana, mama. Nilikianza Annandale, ngazi ya tatu, nikiwa na miaka arobaini na mitano. Wewe una mingapi?”

“Makumi tatu na munane.”

“Basi umenitangulia kwa miaka saba. Fungua daftari.”

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Bladensburg walimjua kama mtu aliyeanzia ngazi ya tatu ya Kiingereza mwaka 2014. Wheaton, Mbinga na Kyimbila walimjua kama mtu aliyeingia chuo kikuu mwaka huo huo na kukaa huko miaka minane. Makundi hayo mawili hayakuwahi kukutana mpaka leo.

Oktoba 2023 madaktari waligundua kwamba figo zake zimechoka. Tangu Februari 2024 alikuwa akisafishwa damu mara tatu kwa wiki, Jumanne, Alhamisi na Jumamosi. Alihamishia vipindi vyake Jumatatu na Jumatano, na hakukosa kipindi hadi Juni mwaka huu. Hakuwa mgonjwa wa kulalamika. Wauguzi walimpenda kwa sababu alikuwa akiwauliza majina yao kamili na kuyatamka sawasawa.

Alipoona nguvu zinapungua, alimwomba mkewe aandike wasifu wake mapema ili ausome mwenyewe. Hakupenda kazi itoke bila kusahihishwa. Genoveva aliandika, na Jumapili, tarehe 10 Agosti 2025, baada ya chakula cha mchana, alimpa karatasi pale mezani. Gwakisa alichukua penseli. Alirekebisha mwaka mmoja wa Mpwapwa, akaongeza jina la mama yake lililokuwa limesahauliwa, kisha penseli ikasimama.

“Hapa umeandika mwaka 2014 nilijiunga na chuo kikuu.”

“Ndivyo watu wanavyojua.”

“Watu gani?”

“Wote, Baba Jacki. Kanisani. Kaka. Nyumbani kwenu.”

“Wanafunzi wangu hawajui hivyo. Na watakuja kunizika.”

Gwakisa aliweka penseli chini.

“Wengine wako ngazi ya tatu sasa hivi, Mama Jacki. Wanaona aibu, wanataka kuacha. Mimi nimewaambia nilianzia hapo hapo. Wakisikia hivi siku ya kuniaga, watamwamini nani? Kavira atajiuliza kama nilimdanganya ili kumtia moyo tu.”

“Na mimi? Miaka kumi na moja. Nikisema leo, watanionaje?”

“Hilo silijui. Ni kweli, silijui.”

“Nipe siku mbili nifikiri.”

“Chukua hata wiki,” alisema. “Mimi sina safari.”

Mkewe alichukua wiki, kisha nyingine. Gwakisa hakumkumbusha. Aliendelea kuuliza habari za wanafunzi wake, na Septemba alipolazwa hospitali hapa Fairfax alimwomba Jacqueline ampelekee madaftari ayamalizie. Alimaliza kumi na moja. Alhamisi, tarehe 18 Septemba 2025, saa tatu asubuhi, alifariki kwa utulivu, mkewe na watoto wake wote wawili wakiwa wamemshika. Alikuwa ameishi miaka hamsini na saba, miezi sita na siku saba. Genoveva alikuwa bado hajampa jibu.

Jibu ndilo hili linalosomwa sasa. Mwaka 2014 Gwakisa hakuingia chuo kikuu. Aliingia ngazi ya tatu ya Kiingereza katika chuo cha jamii. Aliyesema vinginevyo ni mkewe, na marehemu alinyamaza kwa ajili yake. Vyeti vyake viwili, cha Mei 2019 na cha Mei 2022, vimewekwa mezani karibu na kitabu cha rambirambi, na yeyote anayetaka kuihakiki miaka anakaribishwa kuvisoma.

Bwana Silvanus alisomewa maneno haya kwa simu kabla hayajachapishwa. “Geno,” alisema, “lile swali la Mbeya sikupaswa kuliuliza.” Mdogo wake alimjibu, “Swali lilikuwa lako, kaka. Uongo ulikuwa wangu.” Kisha wakapanga nani atanunua maua.

Ndugu wa Wheaton, mliotoa pilau na keki kwa moyo safi, mlistahili kujua mlikuwa mnampongeza kwa lipi. Lilikuwa jambo la kupongezwa vile vile. Na ninyi wanafunzi wake wa Bladensburg mlioketi upande wa kushoto, ambao wengi mmefika bila kumjua mtu mwingine yeyote hapa, mwalimu wenu aliwaambia kweli.

Marehemu ameacha mke, Genoveva. Binti, Jacqueline, muuguzi hapa Fairfax. Na mwana, Ryan, mwanafunzi, ambaye wiki hii amekuwa akiwapokea wageni mlangoni kwa Kiswahili. Ameacha mama mzazi, Subilaga, huko Kyimbila. Ndugu wanne, pamoja na Ambakisye anayewasomea. Shemeji yake, Bwana Silvanus, na ukoo wote wa Mbinga. Ushirika wa Wheaton. Na darasa la wanafunzi kumi na tisa ambalo litaendelea Jumatatu, saa kumi na mbili jioni, kwa sababu aliagiza hivyo.

Gwakisa Anyelwisye Mwakibinga, aliyeingia chuo cha jamii Januari 2014 na chuo kikuu Agosti 2019, akavimaliza vyote viwili, apumzike kwa amani ya Bwana.